Lulu za Dada Lidia: Kutoka Njombe Hadi kwa Sonara wa Dar es Salaam

Ndugu zangu, tangu nirudi sijapita njia ya sokoni hata mara moja bila kusimamishwa. Mmoja anauliza habari za chaza, mwingine za gari la moshi, na wa tatu amesikia kwamba nimekula konokono. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, kituo kwa kituo, nanyi msomeane. Habari za vibali na tiketi nitaziruka, maana hazijawahi kumfurahisha mtu. Na pale nitakapoanza kueleza kana kwamba nimesimama mbele ya ubao, mnivumilie. Ndiyo kazi yangu, na jambo lenyewe halieleweki likiharakishwa.

Njombe: kilichonitoa nyumbani

Nianze kwa ajili ya mlio mbali. Dada yangu Lidia ni mkunga. Alifanya kazi miaka mingi pamoja na Sista Gerda, muuguzi wa misheni, na siku Sista alipoondoka kurudi kwao alivua kidani chake cha lulu akamvika dada shingoni. Kaka yake Sista alikuwa baharia, naye ndiye aliyemletea kidani kile kutoka Japani. Dada alikitia sandukuni, na tulipomuuliza mbona hakivai alijibu, "Nikivae niende nacho kupalilia viazi?"

Mwaka huu akaamua kukitoa sadaka ya mavuno, ili kanisa likiuze na chumba cha wazazi kipate vitanda.

Mnajua kwetu sadaka ya mavuno huoshwa. Viazi husuguliwa hadi ngozi ibaki kama ya mtoto, mahindi hupepetwa mara mbili, hata kuku huoshwa miguu kabla ya kupelekwa mbele. Dada hakutaka kidani chake kiende na vumbi la sanduku. Akakitia kwenye bakuli la maji ya limau na majivu, vile tunavyosafisha vyombo vya shaba vya kanisani, akakiacha tangu asubuhi hadi jioni, kisha akakisugua kwa kitambaa kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Lulu zile zilizokuwa na mng'ao wa maziwa mabichi zikatoka kavu kama meno ya mzee. Nne zilichubuka. Moja kati ya hizo nne ilitoboka kabisa upande mmoja, na ndani yake ukaonekana mviringo mweupe, kama ushanga.

Mzee Tobia, mzee wa kanisa anayetunza sadaka, alipokipokea alishuka nacho Makambako kumwonyesha Bwana Kasamu mwenye duka, kwa sababu babu yake Kasamu alikuwa mfanyabiashara wa lulu. Kasamu akaangalia ile iliyotoboka, akatikisa kichwa. "Mzee, lulu haina ushanga ndani. Hii imetengenezwa na watu."

Neno hilo lilipopanda kufika Njombe lilikuwa limeshakua. Halikuwa tena "imetengenezwa", lilikuwa "ni chupa". Siku ya tatu dada alipofika kisimani, mmoja alimsalimia kwa sauti, "Kamwene, Mama Chupa! Leo umemletea Mungu chupa gani?" Na wengine wakacheka ndani ya ndoo zao.

Baraza la wazee likakaa. Likasema asipoonyesha kweli yake hadi Jumapili ya kufunga mavuno, yaani baada ya wiki tatu, atatengwa na Meza ya Bwana kama mtu aliyemtolea Mungu uongo. Hilo lilikuwa zito. Lakini lililomwinamisha dada ni jingine. Wiki ile wanawake watatu walijifungua, na hakuna aliyemwita. Mama mkwe wa mmoja wao alisema waziwazi, "Mkono uliomdanganya Mungu usimpokee mjukuu wangu."

Dada akaja kwangu, akaweka kidani alichorudishiwa mezani juu ya madaftari ya wanafunzi. "Mdogo wangu," akasema, "wewe ni mwalimu. Nenda kaniulizie kwa wanaojua. Kama ni chupa, uje uniambie ni chupa, nami nitaomba radhi mbele ya watu wote. Lakini siwezi kuomba radhi kwa kitu nisichokijua."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nikakitia kidani kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, nikauvaa shingoni chini ya shati, nikavaa juu yake koti la jeshi alilorudi nalo kaka yetu kutoka vita vya Bama kule Asia, nikaondoka.

Hadi Makambako: juu ya magome

Lori lilikuwa la magome ya miwati, yale yapelekwayo kiwandani kulainishia ngozi. Kukaa juu ya magome ni kuzuri mradi lori limesimama. Likianza kwenda, magome nayo yanakwenda, kila moja upande wake. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani kando ya barabara, na dereva alisimama mara mbili ili sote tushuke turukeruke kupata joto. Nilifika Makambako suruali yangu ikiwa ya kahawia nyuma, na rangi ile haijatoka hadi leo.

Makambako ni njia panda, na upepo wake unatoka kila upande. Palikuwa na maduka machache, pampu ya petroli, na watu wengi waliokwisha kukata tamaa: gari la Iringa lilikuwa limevunjika springi, na springi nyingine ilikuwa inatoka mbali. Tuliambiwa kesho. Kesho yake tukaambiwa kesho. Zikawa siku tatu.

Katika kungoja huko nilifahamiana na Mama Tumaini, Mkinga kutoka Iwawa, aliyekuwa akipeleka viazi Iringa. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kumfanya mbuzi ageuke. Alituchomea viazi vyake kwenye majivu, tukavila na chumvi, na aliponiuliza safari yangu nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba lulu hutoka tumboni mwa kiumbe wa baharini mwenye magamba, jamaa wa konokono.

Akaacha kutafuna. "Tumboni mwa konokono?"

"Wa baharini, mama."

"Na umekivaa hapo kifuani?"

"Ndiyo."

Asubuhi yake akaniletea chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba. "Mwalimu, usione nakuingilia. Kitu cha tumboni hakifiki pwani kwa jua lile. Kitie chumvi kabla hakijaoza." Nilimshukuru, nikaichukua. Chumvi ni chumvi, na viazi vilikuwa vingi.

Siku ya pili nilikwenda kwa Bwana Kasamu mwenyewe. Nilikwenda nimekasirika, nikamkuta mtu mpole mwenye miwani, anapima sukari.

"Mwalimu," aliniambia, "babu yangu alinunua lulu Bahareni, zilizopigiwa mbizi. Alinifundisha hivi: lulu ni lulu hadi moyoni. Ukikuta kitu kingine ndani, umeibiwa. Mimi sikusema dada yako mwizi. Nilisema yeye kaibiwa."

"Lakini watu wamesikia vingine."

"Watu!" Akaweka mizani chini. "Basi sikiliza. Dar es Salaam yuko sonara mmoja, mzee Mseloni, asili yake kisiwa cha Seloni, anaitwa Mzee Saldini. Mwonyeshe. Akisema nimekosea, nitapanda Njombe niseme hivyo kanisani kwenu kwa mdomo huu huu."

Mke wake, aliyekuwa nyuma ya pazia, akadakia, "Na akisema hivyo, atapanda kweli! Nitampeleka mimi!"

Iringa, Dodoma na gari la moshi

Springi ilifika siku ya nne. Njia yote ya Iringa nililala juu ya viazi vya Mama Tumaini, na tulipoagana alinisisitizia habari za chumvi mbele ya watu wote kituoni. Mzee mmoja akaniuliza kama nimebeba nyama.

Kutoka Iringa basi liliteremka kuelekea Dodoma, na kila tulipoteremka nilifungua kifungo kimoja cha koti. Tulipovuka Ruaha vifungo vilikuwa vimekwisha. Watu wa bondeni walinitazama kwa huruma, kama mtazamavyo mtu aliyevaa msiba. Lakini sikuweza kulivua, maana ndilo lililoficha mfuko wangu. Nilijiambia: jasho halijaua mwalimu.

Gari la moshi ni habari ndefu, na mwenye kuipenda aje nyumbani nimsimulie. Hapa nitasema tu kwamba Kilosa wanauza ndizi mbivu madirishani, na kwamba nilinunua nyingi mno kwa sababu nilidhani mama yule ananipa bei ya chane, kumbe ni ya mkungu mzima. Niliposhuka Dar es Salaam behewa letu lote lilikuwa limekula ndizi zangu, nami nilikuwa na rafiki ishirini.

Dar es Salaam: ndani ya lulu

Mzee Saldini alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kama maji yanayomiminwa polepole. Nilimkuta barazani akifanya kazi pamoja na binti yake Zubeda. Kabla ya kuniuliza neno alitaka nile. Wakaleta vitumbua na mbaazi za nazi. Nikashukuru, nikakaa.

"Mwalimu, mbona huli?"

"Nangoja chakula, mzee."

Zubeda akaingia ndani kucheka. Baadaye nikaelewa kwamba chakula kilikuwa ndicho kile, nikala, na mbaazi zile nimezikumbuka kila siku tangu hapo.

Kisha nikafungua shati, nikatoa mfuko. Mzee akaumwaga kwenye kitambaa cheusi. Akaokota ile lulu iliyotoboka, akaitazama kwa kioo cha kukuzia muda mrefu sana. Mimi nilikuwa namtazama uso, maana neno lake ndilo ningelibeba kumpelekea dada, liwe zuri au baya.

"Nani aliyemenya hii?" akauliza.

Nikamweleza limau na majivu, na neno la Bwana Kasamu na babu yake. Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha akacheka taratibu. "Dada yako ameniharibia lulu, lakini amenisaidia kukufundisha. Sogea."

Sasa ndugu zangu, hapa ndipo nawaomba subira. Nitayaeleza kama alivyonieleza.

Alitoa sandukuni gamba la chaza, kubwa kama kiganja. Chaza ana magamba mawili, yanafunguka na kufungika kama kitabu. Kwa nje gamba lilikuwa baya, lenye kukwaruza, lakini kwa ndani liling'aa rangi zote, na mng'ao ule ulikuwa ule ule wa lulu. Kwa sababu ni kitu kimoja. Mwili wa chaza umefunikwa na ngozi laini, na kazi ya ngozi hiyo ni moja tu: kutoa utomvu unaoganda, tabaka jembamba juu ya tabaka, na hivyo kujenga gamba. Ikitokea kipande cha ngozi hiyo kikazama ndani ya mwili, hakiachi kazi yake. Kinaendelea kujenga, ila sasa hakina gamba la kuegemea, basi kinajenga kwa kuzunguka. Hiyo ndiyo lulu. Baharini hutokea kwa bahati, na mpiga mbizi anaweza kufungua chaza hata achoke asiione.

"Hizo ndizo za babu yake rafiki yako wa Makambako," alisema Mzee Saldini. "Lakini Wajapani walijifunza kuifanyia bahati njia. Wanachonga kiduara kutoka gamba nene la kome wa mtoni, jamaa wa chaza. Wanamfungua chaza kidogo kwa kabari, wanamkata mahali padogo, wanatia kile kiduara pamoja na kipande cha ngozi kutoka kwa chaza mwingine. Ngozi ile inaota, inakizunguka kiduara chote, inaanza kazi. Chaza anatiwa kikapuni, anatundikwa katika maji yaliyotulia, analindwa na kusafishwa miaka. Wengi wanafa. Wengine wanakitema kiduara. Wengine wanazaa lulu zilizopinda. Zile chache za mviringo ndizo hizi."

Nikamuuliza swali nililolibeba tangu Njombe. "Kwa hiyo ni za kweli au ni bandia?"

"Huko kwenu mnapanda nini?"

Nikataja mahindi, viazi, na mafyulisi. Nikakumbuka bustani ya Mzee Tobia, ambaye hukata kijiti cha mfyulisi mzuri na kukibandika kwenye shina la mfyulisi wa kawaida, akakifunga kwa kamba ya gome, na mwaka wa tatu anatuita wote tuje kuonja. Nikamweleza.

"Na tunda hilo ni bandia?"

"Ukisema hivyo mbele ya Mzee Tobia utafukuzwa kwa fimbo."

"Basi umejijibu. Ushanga ule ndani si aibu ya lulu hii, ni mbegu yake. Hizi ni lulu za kufugwa. Mkiziita za kupigiwa mbizi mtakuwa mmedanganya. Mkiziita chupa mtakuwa mmedanganya zaidi."

Kisha akanionyesha bandia ilivyo. Akatoa ushanga wa kioo uliopakwa rangi ya mng'ao. Karibu na tundu rangi ilikuwa inabanduka kama chokaa ukutani. Akaniambia niusugue kwenye meno yangu: ukateleza. Nikasugua lulu ya dada: ikakwaruza kidogo, kama ina mchanga laini kuliko mchanga wote. Akafunga dirisha, akawasha kurunzi, akaweka lulu juu ya mwanga. Nikaona kupitia mng'ao wake mistari, myembamba, imelala pamoja. "Ni mistari ya gamba la yule kome," alisema. "Kioo hakina mistari. Nenda nayo hiyo, ndiyo shahidi wako."

"Na limau je?"

"Una yai? Litie kwenye limau uone. Lulu na ganda la yai ni ndugu. Kitu chachu kinavila vyote viwili. Hata manukato hudhuru. Mwambie dada yako lulu huvaliwa mwisho baada ya kujipamba na kuvuliwa kwanza, na huoshwa kwa kitambaa chenye maji tu."

Nilikaa kwao siku tatu wakikitengeneza kidani, na nilijifunza kazi yao kwa kutazama. Zubeda alizipanga upya kwenye kitambaa chenye mfereji, kubwa kabisa katikati, nyingine zikipungua pande zote mbili kwenda nyuma. Alizigeuzageuza moja moja hadi rangi zikakubaliana. Nilidhani lulu zote ni nyeupe, kumbe kuna yenye wekundu kidogo na yenye ukijani, na jirani asiyefaa anaiua mwenzake. Alizitunga kwa uzi wa hariri, na baada ya kila lulu akafunga fundo.

"Mafundo yote haya ya nini?" nikauliza.

"Uzi ukikatika kanisani," alisema Zubeda bila kuinua macho, "dada yako ataokota moja. Bila mafundo mtaokota zote, pamoja na mchungaji chini ya viti."

Na zisisuguane, akaongeza. Zile tatu zilizochubuka kidogo akaziweka nyuma, karibu na kifungo, chini ya nywele. Ile iliyotoboka baba yake aliiketisha kwenye kikombe kidogo cha fedha, upande mbaya chini, akaifanya pini ya kubana kola. Hakutaka malipo ya pini. "Hiyo ni ya aliyeiosha," alisema.

Kurudi: ghala la Bwana Kasamu

Nilirudi kwa haraka kadiri magari yalivyotaka. Nilifika Makambako Jumamosi mchana, na Jumapili ya kufunga mavuno ilikuwa kesho. Hapakuwa na lori la kupanda Njombe hadi Jumatatu.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Sikumwambia Bwana Kasamu alichosema sonara. Nilimpa kidani, nikamwambia, "Sugua kwenye meno."

Akasugua. Akasugua tena. Akachukua ushanga wa dukani kwake, akausugua nao. Kisha akachukua kurunzi, akaniongoza ghalani nyuma ya magunia ya chumvi, akafunga mlango. Tulisimama gizani watu wawili wazima, tumeinamia mwanga mdogo. Nikamweleza yote, kome, ngozi, kikapu.

"Mistari," akasema mwishowe. "Babu hakuniambia habari hizi."

"Huenda hakuzijua."

"Nimemvunjia mama wa watu heshima."

"Nilikwambia uangalie mara mbili!" sauti ya mke wake ikapenya mlangoni.

Alfajiri ya Jumapili Bwana Kasamu alitoa pikapu yake. Alivaa kofia yake nzuri na makoti mawili. Mke wake akanipa blanketi na chupa ya chai, na kabla hatujaondoka akamnyoosha mumewe kola kama mama anayempeleka mwanawe shule. Barabara ilikuwa nyeupe kwa baridi. Tulitoboka tairi mara moja karibu na mashamba ya miwati, na mimi nilifungua nati kwa mikono isiyohisi chochote, nikiimba.

Njombe: Jumapili

Tulifika wakati wa matangazo. Sadaka zilikuwa zimerundikwa mbele. Dada Lidia alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, na pande zote mbili benchi lilikuwa tupu. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia sikioni, "Si chupa." Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika wiki tatu.

Bwana Kasamu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaomba ruhusa ya kusema. Mchungaji akamkaribisha.

"Jamani," alisema, "mimi nilijua lulu za aina moja, nikadhani najua zote. Lulu za mama huyu ni za kweli. Ni za kufugwa. Nilikosea, na nimekuja kusema hivyo hapa."

Mzee Tobia akainuka, mkali kama kawaida yake. "Bwana Kasamu, wiki tatu zilizopita ulisema zimetengenezwa. Leo unasema za kweli. Wiki ijayo utasema nini?"

Watu wakacheka, na si kicheko kizuri. Nikaona mabega ya dada yanarudi chini. Nikasimama.

"Mzee," nikasema, "usimwamini yeye, wala usiniamini mimi. Amini macho yako."

Nikaomba mablanketi mawili, yai na limau. Tulitundika mablanketi kwenye dirisha la chumba cha mchungaji hadi pakawa giza, na yai nikaliweka kwenye glasi ya maji ya limau juu ya meza, mbele ya wote. Kisha nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, na nilipofika kwenye kipande cha ngozi kinachopandikizwa nikamuuliza Mzee Tobia habari za mafyulisi yake. Akaanza kujibu kwa fahari, akafika katikati, akanyamaza. Alikuwa ameona mwenyewe tulikokuwa tunakwenda.

Aliingia chumbani wa kwanza, na kidani na kurunzi mkononi. Alikaa humo hadi watu wakaanza kukohoa. Alipotoka alikuwa ameshika kurunzi kama mshumaa.

"Ina mistari," alisema. "Kama mbao iliyopigwa randa."

Basi kila mtu akataka kuingia. Ulikuwa mstari mrefu hadi nje, na waliokwisha kuona walirudi nyuma waone tena. Yule mama mkwe aliyesema habari za mkono naye aliingia. Alipotoka glasi ilikuwa inatoa mapovu, na ganda la yai limeanza kulainika, nikampa alibonyeze. Akabonyeza. Akamtazama dada.

"Hivyo ndivyo ulivyozifanya?"

"Ndivyo," akasema Lidia, na sasa alikuwa amesimama. "Nilidhani Mungu anapenda vilivyosuguliwa."

Kanisa zima likacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kumrudisha mtu nyumbani. Mzee Tobia akamwita mbele, na wazee wote wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, kama tunavyofanya kwa aliyerudishwa, isipokuwa leo wao ndio waliosema, "Tusamehe." Mzee akakiinua kidani juu, akatangaza kwamba kimepokelewa, na Bwana Kasamu akaahidi mwenyewe kukirudisha kwa Mzee Saldini kikauzwe kwa haki yake. Pini nikampa dada. Akaibana kwenye kola bila kuitazama, maana macho yake yalikuwa mlangoni.

Pale mlangoni alikuwa amesimama kijana mmoja kutoka upande wa Kifanya, na baiskeli imemlalia mguuni, anahema. "Mkunga," alisema. "Mke wangu. Namtaka Mama Lidia."

Tulikuwa hatujaimba wimbo wa kufunga. Dada alifuata mfuko wake nyumbani kwa hatua za mtu anayejua njia, nami nikatoka nje kumtazama. Aliporudi barabarani na mfuko, wanawake wawili walikuwa wamemfuata mbio, mmoja wao yule mama mkwe, na kila mmoja alikuwa ameshika kishikio cha mfuko ule anauvuta.

"Niachie mimi, nina nguvu!"

"Wewe una maneno! Nipe!"

"Ubebeni wote wawili," alisema dada bila kugeuka, akiwa ameshatangulia. "Lakini njooni upesi, mtoto hangoji."